"Kwa Kiebrania Inamaanisha Hivi…" Ngoja Kwanza, Tuongee Kuhusu Neno Roho

Kuna kitu kimeshika sana huku kwetu, kuanzia Rongo mpaka Mbita. Mhubiri anainua simu, anasema, "Kwa lugha ya asili neno hili linamaanisha…" na mjadala unaishia hapo. Nani atambishia? Hakuna mtu kwenye hema anajua Kigiriki. Kesho yake kijana anamwambia nyanya yake ati amesali miaka yote kwa maneno ya uongo.

Mimi sipingi Kiebrania wala Kigiriki. Napinga zikigeuzwa rungu. Na nasema hivi: mtu wa Homa Bay na Migori haombi ruhusa kuingia kwa hizo lugha. Historia ya kanisa lake iko ndani yake tayari.

Turudi Gendia, karibu na Kendu Bay. Mwaka 1906 Waadventista walianzisha misheni hapo, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Malawi. Watu husahau huyo wa pili. Carscallen aliandika sarufi ya Dholuo na kutafsiri sehemu za Agano Jipya. Misheni zingine za Nyanza nazo zilikuwa kazini. Agano Jipya zima la Dholuo lilitoka 1926, na Biblia nzima 1953. Kila ukurasa ulikuwa na swali la imani: neno hili tuliite nini?

Angalia jina lenyewe la kitabu: Muma Maler. Muma ni kiapo, si ndiyo? Kiebrania ni berith, mapatano yanayofunga pande mbili. Kigiriki ni diatheke, na neno hilo linaweza pia kumaanisha wosia wa mtu akifa, ndiyo maana Waebrania sura ya 9 inaongea juu ya wosia na kifo. Kiswahili kikachukua agano. Dholuo ikachukua kiapo, na Mjaluo anajua kiapo si mchezo. Ukivunja, kinakufuata mpaka kwa watoto. Kwa hiyo nyanya akishika Muma, hajashika kitabu cha hadithi. Ameshika kitu ambacho Mungu ameapa. Hiyo ni theolojia nzito, na hakuna aliyemfundisha Kiebrania.

Sasa twende kwa Roho. Dholuo ilikuwa na yamo, yaani upepo, na ilikuwa na juogi, yaani pepo na mizimu. Lakini neno lililokaa kwa Biblia na kwa nyimbo ni Roho Maler. Roho ni Kiswahili, na Kiswahili kililipata kwa Kiarabu, ruh. Ruh ni ndugu wa damu wa ruakh ya Kiebrania, ile iliyokuwa juu ya maji kwenye Mwanzo 1:2. Ruakh ni upepo, pumzi na roho kwa pamoja. Kwa hiyo neno ambalo wengi wanadhani lililetwa na mzungu lilipitia Pwani, na ukoo wake ni ule ule wa lugha ya Musa.

Watu wameumia kwa sababu ya neno hili. Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza harakati za Roho, aliuawa Musanda mwaka 1934, nyumba ikachomwa, katika ugomvi uliochanganya dini na ardhi. Makanisa ya Roho yako mpaka leo.

Na Kiswahili kimebeba fundisho ndani ya ngeli, cheki hii. Tunasema "roho yangu inauma," lakini "Roho Mtakatifu anashuka." Si "takatifu," ni "Mtakatifu," kama mtu. Mashahidi wa Yehova, ambao hawaamini kwamba Roho ni nafsi, huandika "roho takatifu." Herufi moja tu, lakini ni mjadala ule ule uliowapeleka maaskofu Konstantinopo mwaka 381, wakakiri kwamba Roho ni Bwana, anaabudiwa pamoja na Baba na Mwana. Kigiriki peke yake hakingemaliza hiyo kesi, kwa sababu pneuma kisarufi si ya kiume wala ya kike. Ilibidi wasome Maandiko yote pamoja, waulize Roho anafanya nini.

Hapo ndipo wahubiri wa simu wanapotuangusha. Wanafungua kamusi, wanachagua maana wanayoipenda. Fikiria mgeni akute neno "kaa" kwa sentensi ya Kiswahili. Kamusi itampa kuketi, kaa wa baharini, na kaa la moto. Akichagua anavyotaka, atakula moto. Maana inatoka kwa sentensi, kisha kwa kitabu chote, kisha kwa yale ambayo kanisa limekiri.

Kuna pia njia nyingine, ya kutunza lugha kwa sababu ni takatifu. Nenda Got Kwer, Migori, alipozikwa Simeo Ondeto mwaka 1991. Kwa Legio Maria, Kilatini kimebaki kwa ibada zao, ilhali Desemba 1963 Roma ilifungua mlango wa kutumia lugha za watu kwenye Misa. Sicheki mtu. Lugha ya kale ina uzito unaousikia hata bila kuelewa. Lakini Kilatini si lugha ambayo Paulo aliandika, na uzito si maana.

Kwa hiyo ukitaka kusoma, anza na ulicho nacho. Weka Muma Maler kando ya Biblia ya Kiswahili ya 1952. Zikitofautiana, hapo ndipo uulize Kiebrania ama Kigiriki, na umuulize mtu aliyesomea. Na mhubiri akisema "lugha ya asili," mwambie kwa heshima: tusomee mstari mzima, na unaofuata.

Nyinyi wa Awendo, Oyugis na Ndhiwa, muulizeni dani yako leo: Muma ni nini? Leteni majibu hapa chini. Nina hakika atawashinda wengi wenye simu.