Hakuna Aliyesema Serikali Ilileta Tetemeko

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, majira ya saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera. Tetemeko lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na kitovu chake kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia walijeruhiwa na nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka. Kwetu Ilemela, upande wa pili wa ziwa, mabati yalilia kidogo tu. Kisha simu zikaanza kuita, kwa sababu Pasiansi na Kirumba zimejaa watu wenye kwao Bukoba.

Kwa vipimo vya dunia, hilo halikuwa tetemeko kubwa. Desemba 1910, wakati wa Wajerumani, ardhi ya Rukwa ilitikisika kwa ukubwa wa 7.4. Machi 1966 likaja tetemeko la Toro, nchini Uganda, likaua watu zaidi ya 100. Tunaishi jirani na Bonde la Ufa, na ufa huo haujalala. Kilichoua Bukoba mwaka 2016 kilikuwa kuta: matofali yaliyoshikana kwa udongo, bila nguzo wala linta, yakiwaangukia watu waliokuwa ndani.

Shangazi yangu alikuwa Hamugembe, mojawapo ya mitaa ya Bukoba iliyoumia sana. Nyumba yake ilipasuka kutoka msingi hadi kenchi. Alihamia chini ya turubai, pembeni ya migomba, na mvua za vuli zikamkuta hapo hapo. Tulimwambia aje Mwanza. Alikataa. Mumewe alizikwa kijijini kwenye kibanja chao, na kwa Wahaya kibanja chenye makaburi si mahali pa kuacha wazi. Alitaka bati na saruji. Uhamisho hakuuomba.

Kusema kwamba Serikali haikufanya kitu ni uongo. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Bukoba siku iliyofuata. Rais John Magufuli aliahirisha safari ya Zambia, alikokuwa aende kwenye kuapishwa kwa Rais Edgar Lungu. Michango ilianza mara moja: mabalozi, wafanyabiashara, taasisi za dini, na watu wa kawaida kupitia namba za simu zilizotangazwa. Mtaani kwetu mama mmoja muuza dagaa alipita nyumba kwa nyumba na daftari, akiandika jina na kiasi, hata kama ni shilingi 500. Kila aliyeandikwa pale alijua anachangia nini: paa la mtu.

Kabla Septemba haijaisha, likatokea la pili. Ilitangazwa kuwa maofisa wawili wa juu mkoani Kagera wametenguliwa, wakituhumiwa kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina lile lile la akaunti ya maafa. Kesi ilikwenda mahakamani, na hukumu ni kazi ya mahakama. Lakini tuhuma yenyewe ilitosha kumfanya mama yule wa dagaa alifunge daftari lake. Alisema hataki siku moja aulizwe na majirani fedha yao ilifika wapi, naye hana jibu.

Kisha ikaja Januari 2017. Rais alifika Bukoba na kueleza msimamo wake: Serikali haikuleta tetemeko, haitamjengea kila mtu nyumba yake, na fedha zitakwenda kwenye miundombinu ya umma, zikiwemo shule. Kila mwananchi ajenge mwenyewe. Shule zilihitaji fedha kweli. Ihungo, shule kongwe iliyosomesha vizazi vya viongozi wa nchi hii, ilikuwa imevunjika vibaya, na ilikuja kujengwa upya. Hakuna mtu wa Bukoba aliyetaka Ihungo ibaki kifusi. Ila miezi minne ilikuwa imepita, watu wamelala kwenye turubai wakisubiri, ndipo wakaambiwa kwamba walichokuwa wakisubiri hakipo.

Hasira niliyoisikia kwa ndugu zangu ilianzia hapo. Hawakukasirikia umaskini wa nchi. Wanaujua, wanaishi nao. Serikali isiyoweza kujenga nyumba 2,000 ingesema hivyo wiki ya kwanza, na shangazi angeuza mbuzi wake Oktoba badala ya Februari. Serikali iliyopanga kujenga shule ingetangaza kuwa michango ni ya shule. Kuchelewa kulikoumiza zaidi kulikuwa kuchelewa kwa ukweli.

Nami nina sababu nyingine ya kukasirika, na inatoka kwenye historia. Missenyi, penye kitovu cha tetemeko, ni ardhi ile ile ambayo majeshi ya Idi Amin yaliivamia mwaka 1978, yakalipua daraja la Kyaka na kufanya maelfu ya watu kuwa wakimbizi ndani ya nchi yao. Serikali haikumleta Amin. Hata hivyo Mwalimu Nyerere hakutumia hoja hiyo kuwaambia watu wa Kyaka wajitetee wenyewe. Taifa zima lilitoa malori, ng'ombe na vijana. Msingi wa taifa ulikuwa huo: mzigo ambao hakuna aliyeuleta tunaubeba wote. Swali la nani kasababisha halikuwa kipimo cha nani anastahili kusaidiwa.

Mtu atasema vita ni vita na tetemeko ni tetemeko. Basi tutazame Hanang. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka mlimani yalifukia sehemu za mji wa Katesh na vijiji jirani na kuua makumi ya watu. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliwajengea walionusurika nyumba 109. Hilo nalo hakuna aliyelileta. Nawafurahia watu wa Katesh kwa dhati. Ila ninapoziona picha za nyumba zile najiuliza: raia wa Hanang na raia wa Bukoba wametofautiana nini? Idadi ya nyumba, ndiyo. Zaidi ya hapo, wametofautiana rais.

Tatizo ninaloliona liko hapo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ilikuwapo tangu 2015, mwaka mmoja kabla ya tetemeko, na ikaandikwa upya mwaka 2022. Ina kamati kuanzia kijijini hadi taifa. Kinachotakiwa ni jambo dogo ambalo shangazi angeweza kulishika mkononi: ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, mwathirika aambiwe kwa maandishi atapata nini na hatapata nini; na kila mchango uliokusanywa kwa jina lake utolewe hesabu hadharani, kama daftari la muuza dagaa.

Nyumba ya shangazi sasa ina vyumba viwili badala ya vinne. Aliijenga kwa fedha za wanawe, na safari hii fundi aliweka linta.