Kutoka Berkeley hadi Namuwongo: Dhana ya RAID na Upotofu Wake katika Mafunzo ya Awali ya Tehama

Makala hii inafuatilia safari ya dhana ya RAID, yaani mpangilio wa diski kadhaa zinazofanya kazi kama diski moja, tangu ilipobuniwa hadi ilipoingia katika mafunzo ya vyeti vya awali vya tehama. Hoja kuu ni kwamba upotofu unaoizunguka dhana hiyo si wa kiufundi pekee. Sehemu yake ni ya kiistilahi, na sehemu hiyo inawahusu wanaisimu na watunga sera wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha jijini Chicago makala iliyopendekeza diski nyingi ndogo za bei nafuu zitumike badala ya diski moja kubwa ya gharama. Hatari ya pendekezo lao waliikokotoa wenyewe: ikiwa diski moja hutarajiwa kudumu saa 30,000, kundi la diski 100 litapata hitilafu ya kwanza, kwa wastani, baada ya saa 300, yaani chini ya wiki mbili. Ndiyo sababu wakaongeza diski za ziada, ili mfumo uendelee kufanya kazi diski moja inapoharibika. Baadaye neno “nafuu” katika jina hilo lilibadilishwa kuwa “huru”. Neno “ziada” likabaki.

Mtihani wa CompTIA A+, ulioanza mwaka 1993, umekuwa lango la mafundi wengi. Katika mafunzo ya kiwango hicho, RAID aghalabu hufupishwa kuwa namba za kukariri: 0, 1, 5 na 10. Ufupisho huo huzaa dhana potofu tatu. Ya kwanza ni kwamba kila RAID hulinda data. Ngazi ya 0, ambayo haikuwemo katika ngazi tano za mwaka 1988, hugawanya data bila ziada yoyote; diski moja ikifa, data yote hupotea. Ya pili ni kwamba ngazi ya 5 hutenga diski moja kwa taarifa za urekebishaji. Huo ni mpangilio wa ngazi ya 4. Katika ngazi ya 5 taarifa hizo husambazwa katika diski zote, ingawa nafasi inayotumika ni ile ile: diski nne za terabaiti 2 hubakiza terabaiti 6.

Dhana ya tatu ndiyo yenye madhara makubwa zaidi: kwamba RAID ni nakala ya akiba. Faili likifutwa kwa makosa, hufutwa papo hapo katika diski zote. Namuwongo, mtaa wa Kampala ulio kando ya reli na ardhioevu ya Nakivubo, una sehemu za chini zinazofurika mvua kubwa inyeshapo. Zahanati au duka la mahali kama hapo likiwa na seva moja, maji au mwizi hachagui diski. Sanduku zima huondoka.

Hapa lugha inachangia. Kiswahili hutumia neno “rudufu” kwa nakala inayohifadhiwa kando, na neno hilo hilo hutumika kufasiria ziada iliyomo ndani ya RAID. Mwanafunzi anayesikia “diski rudufu” na “nakala rudufu” ana kila sababu ya kuziona kuwa kitu kimoja. Inafaa “diski za ziada” zitumike kwa RAID, na “nakala ya akiba” kwa kile kinachowekwa mbali. Maana ya kawaida ya akiba, kitu kilichotengwa kisiguswe kwa matumizi ya leo, inabeba tofauti hiyo bila maelezo marefu.

Suala hili lina uzito wa kisera. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inawawajibisha wanaotunza taarifa za watu kuzilinda zisipotee. Mitaala ya tehama itakapoandikwa kwa Kiswahili, istilahi hizi mbili zitenganishwe tangu toleo la kwanza. Kusahihisha istilahi iliyokwisha kuzoeleka ni kazi ngumu zaidi.