Mwamuzi wa watu, mwamuzi wa mpira

Ndugu zangu wahitimu, na nyinyi ambao mungali kwenye viti vya auditoire, wiki hii nimesikia tena mabishano ya waamuzi wa basketi. Mimi nilisomea historia, lakini filimbi nayo nimeipuliza miaka. Basi niseme kwanza kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa 2017, hapa Butembo. Vijana wa Beni walikuja kucheza na wanafunzi wetu. Beni na Butembo ni kama kilomita 54 tu, lakini mnakumbuka barabara ya taifa namba 2 ilikuwaje. Mauaji ya upande wa Beni yalikuwa yameanza Oktoba 2014, na mzazi kumwacha mtoto apande gari juu ya mchezo halikuwa jambo dogo. Zilibaki sekunde chache, Beni wanaongoza kwa pointi moja. Butembo wakatupa, mpira ukagonga chuma, ukarudi. Huo mpira wa kurudi, ambao uwanjani kila mtu anauita rebond, niliufuata kwa macho kama mtoto anayefuata ndege angani. Niliposhusha macho, kijana mfupi wa Beni alikuwa chini, mrefu wa Butembo juu yake. Nikapiga filimbi. Nikamwonyesha mfupi.

Beni walikuwa tayari na makosa manne katika robo hiyo. Hilo likawa la tano. Mitupo miwili ya bure, yote ikaingia, mchezo ukaisha. Hawakunipa mkono. Mmoja aliniambia kupitia dirisha la gari: "Arbitre, tulipita njia yote ile juu ya hii?"

Jioni mzee aliyenifundisha filimbi akaniita. "Mwanangu, uliangalia mupira. Mupira haufanyake faute."

Nilikuja kuelewa maneno yake niliposoma asili ya mchezo. Desemba 1891, James Naismith, Mkanada aliyekuwa akifundisha Springfield, Marekani, alitafuta mchezo wa ndani wa kipindi cha baridi ambao vijana hawataumizana. Kanuni zake zilikuwa 13. Ya tano ilikataza kupiga mtu bega, kumshika, kumsukuma, kumtega na kumpiga. Ya kumi iliweka mwamuzi wa watu, yeye ndiye wa kuandika makosa. Ya kumi na moja iliweka mwingine, mwamuzi wa mpira. Yaani tangu siku ya kwanza walijua macho mawili hayatoshi.

Na wakati ule rebond yenyewe karibu haikuwako. Kikapu kilikuwa cha kubebea matunda, kimepigiliwa kwenye roshani, bila ubao nyuma. Watazamaji waliokaa juu wakawa wananyoosha mikono kuzuia mipira ya wapinzani (washabiki ni wale wale popote!), ndipo ukawekwa ubao wa kuwazuia. Mpira ukaanza kugonga na kurudi uwanjani, na watu wazima wakajazana sehemu moja wakigombea kitu kilicho juu ya vichwa vyao. Hapo sheria ya "usiguse" ikabanwa. Ukipiga filimbi kila wakiguswa, hakuna mchezo. Ukinyamaza, ni vita.

Jibu lilitengenezwa polepole. Oswald Tower, aliyekaa miaka mingi kwenye kamati ya kanuni ya Marekani, anakumbukwa kwa wazo hili: mwamuzi aangalie mguso umemnyima mtu nini. FIBA, shirikisho la dunia lililoanzishwa Geneva mwaka 1932, leo inatumia wazo la silinda. Kila mchezaji ana nguzo yake ya hewa isiyoonekana: mbele mpaka viganja, nyuma mpaka makalio, pembeni mpaka mikono na miguu. Aliyefika kwanza mahali pake bila kumgusa mtu, ni pake, pamoja na hewa ya juu yake. Anaweza kuruka wima na kunyoosha mikono. Akitua juu ya mgongo wa mwenzake, ametoka kwake na kuingia kwa jirani.

Sasa rudini kwa kijana wangu wa Beni. Alikuwa amesimama mbele ya mrefu, miguu wazi, mgongo kwake. Hiyo ni haki yake kabisa. Angerudi kinyumenyume kumwondoa mwenzake, kosa lingekuwa lake. Lakini alisimama tu. Mrefu ndiye alimlalia. Tena mpira ukishatoka mkononi kwenda kikapuni, hakuna timu inayoumiliki, kwa hiyo kosa la aliyekuwa anashambulia linahesabiwa kama kosa lingine lolote. Filimbi ile ile, kidole upande wa pili, na Beni wangerudi kwao washindi.

Msidhani urefu wenyewe ni kosa. Dikembe Mutombo wa kwetu alikamata mipira ya kurudi 12 359 katika NBA, na mingi aliichukua akiwa wima ndani ya silinda yake. Ila viwiko vyake vilivyotoka nje ya silinda, hivyo wapinzani walivilalamikia mpaka mwisho.

Mwaka uliofuata Ebola iliingia, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na neno "contact" likapata maana nyingine hapa kwetu. Ukimgusa mgonjwa, jina lako linaandikwa, unafuatwa siku 21. Huko kugusa peke yake kulitosha. Nilipopuliza tena baada ya ule wakati, nilijikuta mkono unakwenda kwenye filimbi kila miili ikikaribiana, ikabidi nijifunze upya kungoja.

Siku hizi tukiwa wawili, tunagawana kama alivyogawa Naismith: mwenzangu wa nyuma anafuata mpira, mimi chini ya kikapu ninafuata watu. Mpira ukiruka ninaangalia miguu, nani alifika kwanza. Washabiki wananipigia kelele: "Arbitre, mupira uko juu!"

Ninajua uko juu.