Endothelia, bitana hai ya mshipa

Neno mshipa limebebeshwa mengi. Ni njia ya damu, ni neva, ni ukano unaoshika msuli kwenye mfupa, na kwa wazee wa pwani ni ngiri pia. Mtu wa Rumonge, Burundi, akikimbilia Kirundi hapati nafuu, maana umutsi nao una mzigo huohuo. Vitabu vya sayansi vilikata shauri zamani: damu itokayo moyoni hupita katika ateri, irudiyo hupita katika vena, na katikati ziko kapilari, nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja. Sina ugomvi na maneno hayo. Taabu huanza hadubini inapoingia ndani ya ukuta wenyewe.

Ukuta wa ateri au vena una tabaka tatu. La nje ni nyuzi ngumu zinazoushikiza mshipa mahali pake. La kati ni misuli laini na elastini, protini inayovutika na kurudi. Anayetaka kuiona elastini bila hadubini akae karibu na mtu anayepasua samaki aina ya mukeke mwaloni. Nyuma tu ya matamvua hutoka moyo mdogo, mwekundu wa kiza, na mbele yake kimeshikamana kifundo cheupe. Ni rahisi kukidhania mafuta. Kumbe ndipo ateri kuu ya samaki inapoanzia, na weupe ule ni wa elastini, kama wekundu wa moyo ulivyo wa msuli. Moyo ukipiga, kifundo huvimba, kisha hunywea taratibu, na damu huyafikia matamvua kwa mkondo wa upole. Sisi kazi hiyo tumeiachia aota, ateri kuu itokayo moyoni, ambayo tabaka lake la kati lina makumi ya vitabaka vya elastini vilivyolaliana.

Tabaka la ndani ndilo linalotusumbua. Uso wake unaogusa damu ni safu moja tu ya seli bapa zilizoungana kingo kwa kingo. Safu hiyo haikatiki popote: imeivika aota, vena, vyumba vya moyo na hata vali zake, na katika kapilari ndiyo karibu ukuta wote, kwani tabaka nyingine hazipo. Mwaka 1865, huko Basel, Uswisi, Wilhelm His aliipa jina endothelia. Alilichonga kutoka epithelia, neno lililotokana na Kigiriki cha chuchu, kwa kuwa mwanzoni lilitajwa kwa ngozi laini ya sehemu kama hizo. His akabadilisha kiambishi cha mbele tu, na jina likawa, kwa tafsiri ya moja kwa moja, "ndani ya chuchu". Wanaolalamika kwamba istilahi za kukopa hazina maana kwa Mswahili wajue kwamba hii haikuwa na maana hata kwa Mgiriki.

Wapo wanaopenda kusema "utando wa ndani". Siupendi. Utando tumeshaugawa kwa seli: kila seli ina utando wake, na mwanafunzi akisoma kuhusu utando wa seli za utando wa ndani atafunga kitabu. Bora bitana, neno la fundi cherehani, linaloonyesha mara moja kitu kinakaa wapi. Kasoro yake ni kwamba bitana ya koti haifanyi lolote zaidi ya kukaa, na kwa muda mrefu wataalamu waliidhania endothelia hivyohivyo. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa New York alionyesha kwamba kipande cha aota ya sungura hulegea kikitiwa asetilikolini, lakini kikikwanguliwa seli za ndani hakilegei. Seli hizo ndizo zilizokuwa zikiutumia msuli ujumbe, ambao baadaye ulitambuliwa kuwa ni gesi ya naitriki oksaidi. Mwaka 1998 yeye na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hakuna haja ya sungura ili kuujua uhai wa bitana hii. Kichocho cha utumbo, ambacho waganga waliosoma kwa Kifaransa hukiita bilarzi, kipo kando ya ziwa hili. Lava ya minyoo yake hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya aliyeingia majini kuoga au kufua, hupita upande wa kulia wa moyo, mapafu, kisha upande wa kushoto, hadi kwenye vena za ini. Huko hukomaa, na dume na jike huhamia pamoja kwenye vena za utumbo, jike amekumbatiwa na dume. Jike hutaga mamia ya mayai kwa siku. Yai ili litoke na kinyesi sharti livuke ukuta wa vena, na hapo bitana huonyesha uhai wake: katika maabara seli za endothelia zimeonekana zikitambaa juu ya yai mpaka zikalifunika, likabaki nje ya mkondo wa damu.

Mayai mengi hayafiki utumboni. Yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini, mwili unayazungushia kovu, shinikizo la vena linapanda, bandama inavimba, na vena za umio hutanuka hadi mgonjwa akatapika damu. Mengine hufika mapafuni, yakaziba ateri ndogo, na ventrikali ya kulia ya moyo ikalazimika kunenepa misuli ili isukume. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo, ila makovu yaliyokomaa haiyafuti.

Kwa bango la zahanati ya Rumonge, basi, ningeandika bitana hai ya mshipa. Kwa kitabu cha mwanafunzi, endothelia, katika ngeli ya i-/zi- pamoja na ateri na vena: endothelia ya aota imechubuka, endothelia za kapilari zinavuja.