Kutoka Sifa hadi Shutuma: Historia ya Kivumishi cha Kiingereza "Egregious"

Sehemu ya pili ya tamthilia ya Christopher Marlowe, Tamburlaine the Great, iliyochapishwa mwaka 1590, humkwaza msomaji wa leo katika neno la kwanza la onyesho lake la kwanza. Orcanes, mfalme wa Natolia, anawahutubia watawala wenzake kwa kivumishi "egregious". Katika Kiingereza cha leo kivumishi hicho huandamana na makosa, uongo na ukiukaji wa haki za binadamu. Ni rahisi basi kudhani kwamba Orcanes anawatukana wenzake, au kwamba Marlowe anawakejeli. Fasiri zote mbili ni potofu. Orcanes anawasifu.

Asili ya neno ni egregius la Kilatini, lililoundwa kwa ex, yaani kutoka, na grex, yaani kundi la mifugo. Ni sifa ya kile kilichojitokeza kundini kwa ubora wake. Mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliitumia mwaka 1827 alipoipa thiorema yake kuhusu nyuso zilizopinda jina Theorema Egregium. Waitaliano nao wangali wanamwita egregio mtu wanayemwandikia barua rasmi.

Kiingereza kilishika njia nyingine. Katika Cymbeline ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1623, Posthumus anayeamini kwamba amesababisha kifo cha mkewe anajibandika kivumishi hicho hicho kama muuaji. Kufikia 1755 Samuel Johnson aliorodhesha maana zote mbili katika kamusi yake, ile njema ikitangulia, lakini akabainisha kuwa ile mbaya ndiyo ya kawaida.

Aghalabu mabadiliko haya huelezwa kuwa yalitokana na kejeli. Maelezo hayo yana ukweli ila hayatoshi, kwani kejeli huhitaji msikilizaji anayeikumbuka maana ya sifa. Maana hiyo ikisahaulika, kejeli nayo hufa. Jambo la kuzingatia zaidi ni nomino zilizoambatana na kivumishi. Kiswahili kinatoa mfano wa karibu: "mkubwa" ni heshima katika "mwanachuoni mkubwa" na ni shutuma katika "mwongo mkubwa", nacho kivumishi chenyewe hakijaharibika kwa sababu kingali kinatumika kwa pande zote mbili. "Egregious" kilizidi kuandamana na wapumbavu, waongo na waoga hadi nomino njema zikakikimbia.

Mfasiri wa Kiswahili ana mtihani hapa. Akiandika "watukufu" kwa Orcanes na "katili" kwa Posthumus, atakuwa ameeleweka, lakini atakuwa amewanyima wasomaji wake ushahidi kwamba watunzi hao wawili walitumia neno moja. Pengine "asiye na kifani" lingefaa zaidi. Mtawala anaweza kukosa kifani, na muuaji vivyo hivyo. Na asiye na kifani, kama egregius wa Warumi, ni yule asiyefanana na kundi lake.