KUMBE WAMBURA NI MVUA! Historia ya vuli iliyojificha kwenye majina ya watu wa Mara

Kila mtu anamjua Wambura mmoja. Kama hukusoma naye, basi ni konda, ni afande, ni mwalimu au ni jirani. Watu wakisikia hilo jina wanasema "huyo wa Mara" na stori inaishia hapo. Kumbe jina lenyewe linataja mvua. Kwenye lugha kadhaa za Mara, imbura ni mvua. Mtoto kazaliwa mvua inanyesha, jina likapatikana hapo hapo.

Na siyo hao tu. Wajaluo wa Rorya na Musoma wana Okoth na Akoth, watoto wa mvua. Okech na Akech ni wa kipindi cha njaa. Obonyo ni wa mwaka wa nzige. Nenda Bunda kwa Wasukuma, utamkuta Mabula, mvua tena.

Kwa nini mvua kila kona? Angalia maisha ya kijijini kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Hiyo ni vuli. Chakula cha msimu uliopita kimepungua ghalani, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Mtama, mahindi na mihogo vinasubiri, na Bunda pamba inapandwa kuanzia katikati ya Novemba. Hapo ndipo undugu unapimwa. Wakurya wana kitu kinaitwa risaga: leo mnalima kwa huyu, kesho kwa yule, mwenye shamba anaandaa chakula na pombe. Ukikwepa ya wenzako, na wewe utalima peke yako.

Halafu mvua za kwanza huwa zinakuja na mgeni mbaya, viwavijeshi. Wanaweza kumaliza shamba ndani ya siku chache tu.

Sasa shika hii. Mwaka 1860, upande wa Butiama, alizaliwa mtoto wakati viwavi wamevamia nchi. Akaitwa Nyerere, yaani viwavi kwa Kizanaki. Ndiye aliyekuja kuwa Chifu Nyerere Burito. Kwa hiyo lile jina unaloliona uwanja wa ndege Dar na kwenye bwawa la umeme la Rufiji lilianza kama kumbukumbu ya wadudu waharibifu!

Chifu alikuwa na wake 22. Mke wa tano, Mugaya, alijifungua mtoto wa kiume tarehe 13 Aprili 1922, msimu wa masika. Mwanzo aliitwa Mugendi, maana yake mtembeaji. Baadaye mganga akashauri abadilishwe, akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Yaani baba kiwavi, mtoto mvua. Familia moja, vizazi viwili, na adui wa shamba na rafiki wa shamba wote wapo ndani ya nyumba.

Mwaka 1934 kijana akapelekwa kusoma Mwisenge, Musoma. Tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa, akaitwa Julius. Lakini cheki alichofanya: aliongeza, hakufuta. Mpaka mwisho alibaki Julius Kambarage Nyerere. Roma, mvua na viwavi kwenye saini moja. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na tarehe 23 akazikwa kwao Butiama, pale Mwitongo, karibu na makaburi ya wazazi wake.

Huyo ni Mwalimu, habari zake zimeandikwa. Vipi kuhusu wale ambao hakuna kitabu kitakachowaandika?

Chukua vuli ya mwaka 1961. Tanganyika ilikuwa inasubiri Uhuru wa tarehe 9 Desemba, na mvua ilinyesha Afrika Mashariki kama haina mwisho. Ziwa Victoria likaanza kupanda, na kufika 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Pale Musoma maji yalisogea juu ya fukwe za zamani. Watoto waliozaliwa vijijini siku zile, wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mama alikumbuka mvua, na mvua ikawa ndiyo cheti. Leo hao ni babu na bibi waliovuka miaka 60.

Tatizo linaanzia hapa. Majina haya yanarithiwa. Mjukuu wa Sinza anaitwa Wambura kwa sababu babu yake aliitwa hivyo, siyo kwa sababu siku aliyozaliwa yeye ilinyesha. Ile mvua ni ya babu, au ya babu wa babu. Shuleni likageuka jina la ukoo, kwenye kitambulisho cha taifa likawa herufi saba tu. Anayejua ni mvua ya mwaka gani, ilikuta familia inaishi wapi, nani alisaidia kulima mwaka ule na nani alikataa, ni mzee mmoja aliyekaa kwenye kigoda kijijini. Akiondoka, jina litabaki na mvua yake itapotea.

Desemba mabasi ya Musoma yatajaa kama kawaida. Watu watabeba sukari, vitenge na simu mpya za kuonyeshana. Ukifika, msalimie mzee vizuri, kaa chini, acha ale kwanza. Halafu muulize swali moja tu: hili jina letu, ni la mvua ipi?