Buti la kazi

Buti la kazi (wingi: mabuti ya kazi, neno "buti" limetokana na Kiingereza) ni kiatu kigumu kinachofunika unyayo, kisigino na kifundo cha mguu. Lina soli nene inayomkinga mvaaji dhidi ya vitu vyenye ncha kali, vitu vizito, maji na utelezi. Katika Afrika Mashariki watu wengi hutumia buti hilohilo kazini na katika safari ndefu za miguu, kwa hiyo katika kulichagua hulazimika kupima kinga dhidi ya wepesi.

Muundo

Sehemu ya juu hutengenezwa kwa ngozi, kitambaa kizito au mchanganyiko wa vyote viwili. Ngozi ya tabaka la nje la mnyama hudumu kuliko ile ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki, ambayo hubanduka baada ya muda. Soli huwa ya raba au ya poliyurethani, nayo huunganishwa kwa gundi, kwa joto au kwa kushonwa. Soli iliyoshonwa ni nzito zaidi, lakini fundi viatu anaweza kuibadilisha.

Soli ya raba yenye meno makubwa ilibuniwa nchini Italia na mpanda milima Vitale Bramani mwaka 1937, baada ya wenzake sita kufa mlimani mwaka 1935. Siku hizi soli za aina hiyo hutumika katika mabuti ya milimani na ya kazini pia.

Viwango vya usalama

Kiwango cha kimataifa cha ISO 20345 kinataka buti la usalama liwe na kofia ngumu ya vidole inayohimili pigo la jouli 200 na mgandamizo wa kilonyutoni 15. Alama zinazoonekana mara nyingi kwenye ulimi au ubavuni mwa buti ni:

- SB: lina kofia ya vidole na mahitaji ya msingi tu.
- S1: kisigino kimefungwa na kinapunguza mshtuko wa hatua.
- S1P: kama S1, pamoja na kinga dhidi ya msumari kupenya soli.
- S2: kama S1, na sehemu ya juu inazuia maji kupenya upesi.
- S3: kama S2, pamoja na kinga ya msumari na soli yenye meno.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa kinga. Hata hivyo vibarua wengi wa ujenzi hujinunulia viatu vyao wenyewe.

Matumizi katika Dodoma

Chang'ombe ni kata ya Jiji la Dodoma, kwenye uwanda wa juu wa kati ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua ni chache, nazo hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Kwa miezi mingi ardhi ni kavu, yenye vumbi, changarawe na miiba ya migunga. Mvua ikinyesha, udongo wa mfinyanzi hugeuka tope zito linalonata.

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 ujenzi umeongezeka sana, ukiwemo Mji wa Serikali wa Mtumba. Kwenye maeneo hayo hatari kubwa kwa miguu ni misumari ya mbao za kumwagia zege, vipande vya nondo na matofali yanayoanguka. Msumari uliopenya soli nyembamba unaweza kuleta jeraha la kina na pepopunda, hasa kwa mtu asiyekamilisha chanjo.

Wafugaji na wakulima wengi wa eneo hilo huvaa katambuga, yaani ndara za matairi ya gari. Ni rahisi, hupitisha hewa na soli yake huzuia miiba mingi, lakini haikingi vidole wala kifundo dhidi ya jiwe, jembe au nyoka. Gambuti la mpira hufaa kwenye tope, ila katika joto la kiangazi mguu hutoka jasho na kuchubuka kwa mwendo mrefu.

Kuchagua buti

Kwa mtu anayefanya kazi na kutembea umbali mrefu, mambo yafuatayo huangaliwa:

- Kipimo: viatu hujaribiwa alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi za kazi. Nafasi ya upana wa kidole ibaki mbele ya vidole, na kisigino kisipande mtu anapotembea.
- Mkunjo: buti likunjike penye mashina ya vidole, si katikati ya unyayo.
- Kofia ya vidole: ya chuma ni imara lakini huongeza uzito, ile ya plastiki ngumu ni nyepesi. Asiyebeba vitu vizito anaweza kuiacha.
- Soli: meno yaliyoachana hutoa tope kwa urahisi kuliko yaliyobanana.
- Urefu: shingo inayopita kifundo huzuia changarawe na hupunguza hatari ya kuteguka.

Mabuti ya mitumba huhitaji uangalifu wa pekee. Poliyurethani huharibika polepole kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa. Hivyo buti linaloonekana jipya linaweza kupasuka soli ndani ya siku chache. Kabla ya kununua, soli hukunjwa kwa nguvu na kubonyezwa kwa ukucha. Ikionyesha nyufa au ikimeguka kama mkate, haifai.

Utengenezaji katika Afrika Mashariki

Kampuni ya Bata ina kiwanda Limuru, Kenya. Nchini Tanzania, Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kikikusudia kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Kilizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na uzalishaji ulikoma mwaka 1990. Siku hizi mabuti hutengenezwa pia katika kiwanda cha Karanga mjini Moshi.

Utunzaji

Vumbi huondolewa kwa brashi kila jioni, kwa kuwa chembe za mchanga hukata nyuzi za mshono. Buti lililolowa hukaushwa kivulini. Jua kali au moto hupasua ngozi na kulegeza gundi. Ngozi hupakwa rangi ya viatu au mafuta ili isikauke. Buti lililolala nje hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, kwa sababu nge hupenda kujificha ndani yake.